Tembo Wetu, Meza ya Wenzetu

Hivi ukimwambia mzazi wa Kitanzania kwamba unataka kufanya kazi ya wanyamapori, anawaza nini? Anawaza bunduki, buti na Land Rover iliyokwama kwenye tope. Akiwa wa Arusha au Moshi atawaza kuongoza watalii. Hatawaza chumba chenye viyoyozi na vipaza sauti, meza ndefu zilizopangwa vibao vyenye majina ya nchi, na mtu aliyekaa nyuma ya kibao kimojawapo akibishana saa tatu kama sentensi iseme nchi "zinatakiwa" au nchi "zinahimizwa".

Basi leo nataka tuongee kuhusu chumba hicho. Humo ndimo inamoamuliwa kama meno ya tembo wetu yatauzwa au yataozea ghalani, kama twiga anahitaji kibali akivuka mpaka, kama ngozi ya mamba ni biashara au ni kesi. Kukaa humo ni kazi. Ina elimu yake, ina ngazi zake, ina mishahara yake, na watu wanazeeka nayo. Hoja yangu ni hii: sisi tuliotenga zaidi ya robo ya nchi yetu kwa ajili ya wanyama tumeifanya kazi hiyo kuwa ya wengine, na sababu si wazungu peke yao.

Kwanza tuelewane. Ule mkataba unaoitwa CITES ulisainiwa Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Leo una nchi wanachama zaidi ya 180. Unawapanga wanyama na mimea katika viambatisho vitatu. Kiambatisho cha kwanza, biashara ya kimataifa ya faida marufuku. Cha pili, biashara ipo ila kwa vibali, na wataalamu wa nchi lazima wathibitishe kwamba haitamaliza mnyama porini. Cha tatu ni cha nchi inayoomba wenzake waisaidie kulinda kitu chake. Kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi wanachama wanakutana. Kila nchi kura moja, Marekani moja, Burundi moja. Kumhamisha mnyama kutoka kiambatisho kimoja kwenda kingine inatakiwa theluthi mbili ya kura.

Umeona hapo? Kura ni sawa. Mtu anayesema "haya mambo ni ya wakubwa tu" ajue kwamba katika mkutano huu Tanzania na Ujerumani zina mkono mmoja mmoja wa kunyoosha. Tofauti iko kwa mtu aliyeuandaa mkono huo. Nani aliandika pendekezo? Nani alisoma makabrasha? Nani alizungumza na wajumbe wa nchi thelathini wakati wa chai kabla ya kura?

Na msidhani hatujawahi kuweza. Miaka ya themanini ujangili uliifyeka Selous. Afrika nzima ilikuwa na tembo wapatao milioni 1.3 mwaka 1979. Miaka kumi baadaye walikadiriwa kuwa kama 600,000. Mwaka 1989 Serikali ikaingiza jeshi porini kwa Operesheni Uhai. Lakini mwaka huo huo Tanzania ilifanya jambo jingine ambalo shuleni hatukufundishwa. Ilikaa chini, ikaandika, ikapeleka pendekezo kwamba tembo wa Afrika aingizwe kiambatisho cha kwanza. Mkurugenzi wa Wanyamapori wakati ule alikuwa Costa Mlay. Oktoba 1989, mjini Lausanne, Uswisi, pendekezo la kumhamisha tembo likapita na biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ikafungwa.

Dunia inakumbuka zaidi picha ya Rais Moi akichoma tani 12 za meno ya tembo Nairobi, Julai ya mwaka huo. Ni haki yao, ule moto ulikuwa na nguvu zake. Ila moto haubadilishi kiambatisho. Kinachobadilisha ni karatasi iliyoandikwa vizuri na kupelekwa kwa wakati, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipeleka.

Sasa ruka miaka ishirini. Machi 2010, Doha, Qatar. Tanzania hiyo hiyo inarudi kwenye chumba kile kile na ombi la kinyume: tembo wetu washushwe kwenda kiambatisho cha pili, na turuhusiwe kuuza karibu tani 90 za meno yaliyoko ghalani. Hoja zetu zilikuwa kwamba tembo wameongezeka na fedha zitarudi kwenye uhifadhi. Kenya na nchi nyingine za Afrika zikapinga. Kura hazikutosha, tukarudi mikono mitupu.

Wapo mpaka leo wanaosema tulionewa, kwa sababu nchi za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuza mwaka 1999 na mwaka 2008. Hebu tuache ushabiki tutazame hesabu. Takwimu za Serikali yenyewe, zilizotangazwa mwaka 2015, zinasema mwaka 2009 tulikuwa na tembo 109,051, na mwaka 2014 walibaki 43,330. Wakati mjumbe wetu anaushawishi ulimwengu kwamba mambo ni mazuri, majangili walikuwa wanamaliza kazi. Mwaka huo huo wa 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba vya meno yaliyokamatwa sehemu mbalimbali za dunia. Sehemu kubwa ya yale ya tembo wa savana ilielekeza kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Seattle, jamani! Aliye ng'ambo ya bahari anasoma kwenye jino tembo alikofia, na sisi tuliompoteza tunasubiri kuambiwa.

Kwa hiyo nasema bila woga: Doha tulishindwa, na tulistahili kushindwa. Na somo la Doha ni kubwa kuliko tembo. Mtaalamu wa sera za kimataifa si wakili wa Serikali anayepewa ombi lililokwisha kuamuliwa akalitetee. Kazi yake inaanza nyumbani, kwa kumwambia Waziri, "Mheshimiwa, hili tusilipeleke, takwimu zetu hazitatubeba." Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kuteuliwa wiki mbili kabla ya safari. Anatengenezwa kwa miaka kumi na tano.

Mfano mwingine ni twiga, mnyama wa taifa letu. Novemba 2010 twiga hai pamoja na wanyama wengine walipakiwa ndegeni uwanja wa KIA wakapelekwa Qatar. Nchi nzima ilipiga kelele, Bunge likachafuka. Lakini katika kelele zote zile, wangapi waliuliza kwamba mkataba unasemaje kuhusu twiga? Jibu ni kwamba wakati ule haukusema kitu. Twiga hakuwamo kwenye kiambatisho chochote. Aliingizwa kiambatisho cha pili Agosti 2019 Geneva, kwa pendekezo la Kenya, Chad na nchi nyingine za Afrika. Kwenye kamati kura zilikuwa 106 dhidi ya 21. Tanzania ilikuwa upande wa waliopinga, kwa maelezo kwamba twiga wetu wanaendelea vizuri na wengi wako Serengeti ambako wanalindwa.

Inawezekana hoja hiyo ilikuwa sahihi. Sitaki kubishana nayo leo. Ninachouliza ni kingine: wewe uliambiwa? Kuna mtu alikaa redioni akakueleza kwamba wiki ijayo nchi yako inakwenda kupinga twiga asiingizwe kwenye orodha, na kwa nini? Mkutano huo huo ulipofungwa, Tanzania, iliyokuwa imepokea uenyekiti wa SADC mwezi huo huo, ilisoma tamko kwa niaba ya kanda kwamba kuna haja ya kufikiria upya kama uanachama wa CITES una faida kwetu. Tamko zito hilo! Nchi inatishia kutoka kwenye mkataba wa miaka arobaini, na vijiweni watu wanajadili usajili wa Simba na Yanga. Hawana kosa. Hatukuwaandikia. Waandishi wenzangu mnajua wenyewe: habari za mikutano hii tunanyofoa kwa mashirika ya nje, tunatafsiri, tunaweka picha ya tembo, tumemaliza.

Turudi kwenye chumba. Nani anafanya kazi humo? Tangu mkataba uanze, Makatibu Wakuu wa kudumu wamekuwa Mjerumani, Mkanada, Mbulgaria, Mholanzi, Mwaustralia na, tangu 2018, mama kutoka Panama. Mwafrika hajapata. Mkataba ambao mnyama wake maarufu kuliko wote ni tembo wa Afrika! Nyaraka hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. UNESCO imetupa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, tunavaa kanga na kupiga picha. Lakini mzee wa Tunduru aliyelala porini analinda mahindi dhidi ya tembo hawezi kusoma kwa lugha yake azimio lolote linalomhusu tembo huyo.

Na kijana anayetaka kuingia humo anapitia wapi? Mlango wa chini kabisa ni mafunzo kwa vitendo kwenye mashirika. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi vijana wa mafunzo. Agosti 2015 kijana mmoja kutoka New Zealand aliyekuwa akifanya mafunzo hayo Geneva alikutwa anaishi kwenye hema dogo, kwa sababu hakuweza kumudu kodi ya chumba. Baadaye alieleza kwamba alitaka pia dunia ione. Sasa fikiri, kama mtu wa New Zealand analala kwenye hema, wa Nachingwea atalala wapi? Na huyo wa Nachingwea kwanza anatakiwa apate viza, halafu nauli, halafu faranga za Uswisi za kula miezi sita. Kuna shahada ya uzamili maalumu kabisa kwa ajili ya mkataba huu. Inafundishwa Baeza, mji mdogo wa Hispania uliozungukwa na mizeituni. Sina ugomvi na mizeituni, lakini tembo haishi pale.

Kwa hiyo ndiyo, mlango ni mwembamba na umejengwa na wenye fedha. Anayemwambia kijana wa Kitanzania "fuata ndoto yako, utafika" anamdanganya. Kufanya kazi bure ni mchujo wa utajiri uliovalishwa nguo ya kujitolea. Anayepita ni mtoto ambaye baba yake anaweza kumlisha Geneva nusu mwaka, iwe baba huyo yuko London au Masaki.

Lakini hapa ndipo wengi tunapopaki gari na kushuka. Tukishamlaumu mzungu tunajiona tumemaliza. Mimi nasema twende mbele.

Chuo cha Mweka kimekuwepo tangu 1963 pale kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pasiansi, Mwanza, kipo tangu miaka hiyo hiyo ya sitini. SUA inatoa shahada ya wanyamapori. Tuna TAWIRI, TANAPA, TAWA, Mamlaka ya Ngorongoro. Nchi chache Afrika zina taasisi nyingi hivi. Lakini muulize mhitimu aliyetoka huko juzi ni lini aliwahi kukaa akaandika pendekezo la kubadilisha kiambatisho kama zoezi la darasani, akaligombania mbele ya wenzake wanaojifanya Japani, Kenya na Botswana. Wengi niliowauliza walicheka. Mkataba wanaujua kwa ufupisho wa jina lake na mwaka uliosainiwa, kwa sababu hutoka kwenye mtihani.

Halafu kuna ofisi zetu. Wote tunajua safari ya nje ilivyo katika nchi hii. Orodha ya wajumbe inaanza na mkubwa, inafuata ya msaidizi wa mkubwa, halafu wa itifaki, na yule kijana aliyekesha anaandaa makabrasha anabaki Dodoma kujibu simu: "Hivi ile takwimu ya ukurasa wa nane inamaanisha nini?" Mwaka 2015 Rais Magufuli alipobana safari za nje wengi tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini ukikata safari kwa panga moja unakata ya shemeji pamoja na ya mtaalamu. Mikutano hii ni kama kilabu cha mpira, wenye nguvu ni wale wanaoonana kila mwaka, kwenye kamati za wanyama, kamati za mimea na kamati ya kudumu, katikati ya mikutano mikubwa. Ukipeleka sura mpya kila mara, kila mara unaanza kujitambulisha. Waliotutangulia walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi naongeza: hata aliyekuwapo akakaa kimya, lake halipo.

Mashirika makubwa ya uhifadhi hayafanyi kosa hilo. Mtu wao ni yule yule miaka ishirini. Anajua nani alipiga kura gani Harare 1997 na nani alibadilika Johannesburg 2016. Anawagawia wajumbe wa Afrika karatasi zilizokwisha kuandikwa, nzuri, fupi, zenye hoja. Mjumbe ambaye hakujiandaa anaipokea kama maji jangwani. Hapo aliyepiga kura ni nani?

Najua mtaniambia: shuleni watoto wanakaa chini, zahanati hazina dawa, wewe unataka tusomeshe watu wa kwenda kubishana Uswisi? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba gharama ya kutokuwepo tunailipa tayari, ila anayelipa haonekani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Milioni moja, roho ya mtu! Siku dunia inapojadili faida za kuishi na tembo, nani anaisema milioni hiyo kwenye kipaza sauti? Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwaka 2023 wabunge wa Uingereza walipitisha muswada wa kuzuia nyara za uwindaji, ukaja kukwama kwa mabwana wa baraza la juu. Uwe unapenda uwindaji wa kitalii au unauchukia, fedha zake zinagusa vijiji vyetu, na waliobishana walikuwa wabunge wa majimbo ya Uingereza.

Mwingine atasema mtaalamu ni mtaalamu, rangi na pasipoti vina kazi gani? Kweli, wapo wageni wanaoijua Serengeti kuliko mimi na wewe, na wapo waliotoa maisha yao kwa wanyama hawa. Wabaki, tunawahitaji. Mwaka 1961 kule Arusha, Nyerere alitoa tamko kwamba wanyamapori ni dhamana tuliyokabidhiwa, kwamba kuwatunza kunataka utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na tukaomba mataifa mengine yashirikiane nasi. Ilikuwa sawa kwa nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajiandaa kwa uhuru. Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa siku ya tatu imepita zamani, na jembe lenyewe tumemwachia yeye alime na avune.

Na vipaji vipo. Calestous Juma, mtoto wa Budalangi nchini Kenya, alianza kama mwalimu wa shule, akawa mwandishi wa sayansi na mazingira wa Daily Nation. Mwandishi, kama mimi! Mwaka 1995 akawa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Bayoanuwai. Elizabeth Maruma Mrema, Mtanzania, alisoma sheria Mlimani, akafanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje, akapanda ngazi UNEP, na Desemba 2022 nchi zilipokubaliana kule Montreal kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari ya dunia ifikapo 2030, yeye ndiye alikuwa Katibu Mtendaji wa mkataba huo huo. Mmoja kalamu, mwingine sheria. Kazi hii haimtaki mwenye bunduki peke yake.

Basi nifunge kwa madai, maana kulalamika bila kudai ni kupiga porojo. Moja, Wizara ichague vijana watano kila mwaka, kwa mtihani wa wazi usiojua majina ya ukoo, iwalipe wakakae kwenye ubalozi wetu Geneva na UNEP Nairobi. Uzeni shangingi moja tu, tuone watasoma wangapi. Mbili, mapendekezo na msimamo wa Tanzania vichapishwe kwa Kiswahili miezi mitatu kabla ya kila mkutano, wananchi wavisome na kuvipinga. Tatu, kila ujumbe uwe na angalau mtu mmoja anayetoka kijiji kinachopakana na hifadhi, si kwa ajili ya picha, awe na zamu yake ya kusema. Nne, yule aliyeandaa makabrasha ndiye apande ndege.

Na wewe kijana uliyeko SUA, Mweka au Mlimani unayeota kazi hii, usisubiri hayo manne. Nyaraka zote za mkutano wa Samarkand wa mwaka 2025 ziko kwenye intaneti, bure. Chukua pendekezo moja tu la mnyama unayemjua, lisome mpaka uone uongo wake ulipo au ukweli wake ulipo. Kisha liandike kwa Kiswahili, uniletee. Nitagombana na mhariri wangu mpaka atoe nafasi.